Mintarafu ya Methadoni na Masafa ya Kuiendea

Mhadhara uliotolewa mbele ya wazee wa mtaa, wahudumu wa afya, waalimu na viongozi wa dini wa Kibera na Kawangware, Nairobi



Nitautaja muradi wangu mapema, ili yeyote atakayelazimika kutoka kabla sijamaliza aondoke nao. Nimekuja kusema kwamba mtu aliyetekwa na heroini, yaani huu unga uliotuharibia vijana, anayo dawa iliyothibitishwa. Kwamba dawa hiyo ilianza kutolewa hapa Nairobi mwishoni mwa mwaka 2014, tena bila ya malipo. Na kwamba, kwa kadiri nionavyo mimi, kizuizi kikubwa baina yake na watu wa Kibera na Kawangware ni masafa, ambayo siku zote tumeyachukulia kuwa jambo dogo la nauli, ilhali ndiyo yanayoamua nani atapona na nani atarudi maskani, yaani vijiweni wanakokusanyika watumiaji. Hoja zangu ni tano, wala hazilingani kwa urefu. Ya tatu ndiyo iliyonileta.

Hoja ya kwanza: dawa yenyewe ni nini

Heroini ni katika ukoo wa afyuni, na mwili uliokwisha kuizoea hauitafuti tena kwa ajili ya starehe, bali huitafuta ili usiugue. Saa chache baada ya kete ya mwisho, yaani kile kifurushi kidogo cha unga, nguvu yake hupungua, na aliyeitumia huingia katika ile hali ambayo wa pwani na wa bara sote twaiita arosto: makamasi na machozi, miayo isiyoleta usingizi, tumbo la kuendesha, mifupa kuuma, jasho na baridi kwa wakati mmoja. Mtu wa namna hii hawezi kushika kazi ya kutwa, madhali siku yake imekwisha kukatwa vipande na kete, ya kuamkia, ya adhuhuri na ya magharibi, na katika kila kipande ana kazi moja tu, nayo ni kuitafuta fedha ya kete ifuatayo. Masufuria yetu yanapopotea kambani yalikoanikwa, na nyaya zinapokatwa nguzoni, tunayaona matokeo ya hesabu hiyo.

Methadoni nayo ni ya ukoo huo huo wa afyuni. Sitalificha jambo hilo, kwa kuwa kulificha ndiko kulikozaa uvumi mwingi. Iliundwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, na katikati ya miaka ya 1960 matabibu wawili wa New York, Vincent Dole na Marie Nyswander, wakaonyesha kwamba aliyefungwa na heroini, akipewa dawa hii kila siku kwa kipimo kinachomfaa, hutulia, akala, akalala, akaweza kufanya kazi. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha yake ya dawa za lazima, pamoja na buprenofini, ambayo huwekwa chini ya ulimi ikayeyuka.

Tofauti iko katika mwendo wake mwilini. Heroini hupanda kwa ghafla na kushuka kwa ghafla. Methadoni, ambayo hunywewa kama sharubati mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, hupanda polepole na kukaa mchana na usiku, hata aliyefikia kipimo chake halewi wala haumwi na arosto. Huanza kwa kiasi kidogo, aghalabu kisichozidi miligramu 30 kwa siku, kikapandishwa taratibu kwa muda wa majuma, na wengi hutulia baina ya miligramu 60 na 120. Wiki mbili za mwanzo zina hatari, kwani anayeharakisha, au anayechanganya dawa na pombe, au na vidonge vya usingizi, au na unga wenyewe, aweza kusahau kupumua akafa. Ndiyo maana haitolewi kiholela dukani.

Na hapa niweke jambo wazi, kwa sababu kabla hatujaanza mama mmoja aliniuliza mlangoni. Methadoni haitibu chang'aa, haitibu bangi, haitibu miraa. Ni ya watu wa afyuni peke yao. Mwenye mume mlevi wa pombe amfuate tabibu, lakini asije akaambiwa na mtu yeyote kwamba sharubati hii itamfaa.

Hoja ya pili: je, si kumtoa mtu katika ulevi na kumtia katika ulevi?

Swali hili nimelisikia misikitini na makanisani, na wanaoliuliza si wajinga. Wasemaje? Wasema dawa ya moto si petroli. Nami nawajibu kwamba tusiipime dawa kwa ukoo wake, tuipime kwa siku ya anayeitumia: anaamka akiwaza nini, anatoka kwenda wapi, na watoto wake wanakula nini jioni. Fauka ya hayo, anayekunywa dawa hana haja ya sindano, na tunajua sindano za kuazimana zimetufanyia nini. Uchunguzi uliofanywa nchini mwanzoni mwa muongo wa 2010 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 waliokuwa wakijidunga, kama 18 walikuwa na virusi vya UKIMWI, ilhali kwa watu wazima wa nchi nzima idadi haikufika 6 katika 100.

Kwa mashekhe wetu nitataja mfano wa ndugu zao wa Malaysia. Mwaka 2010, katika Masjid Ar-Rahman mjini Kuala Lumpur, methadoni ilianza kutolewa msikitini penyewe, pamoja na mawaidha na swala, baada ya wanazuoni na matabibu wa chuo kikuu cha jirani kukaa wakashauriana. Sisemi misikiti ya Makina, hapa Kibera, ifanye vivyo hivyo kesho. Nasema kwamba waliolitazama jambo hili kwa jicho la sharia hawakuliona kuwa ni muhali.

Kuna na ile njia ya pili ambayo wazazi wengi huikimbilia, ya kumfungia kijana katika nyumba ya kurekebishia tabia kwa siku 90. Familia huuza ng'ombe wa shamba, huchangisha ukoo mzima, kijana akatoka amenona, akafanyiwa karamu. Lakini mwili wake katika siku zile umekwisha kuusahau unga, na siku atakapoteleza akapiga kiasi kile kile alichokizoea zamani, kiasi hicho sasa ni cha kuua. Simwambii mzazi asimpeleke mwanawe huko. Namwambia aulize kabla ya kulipa: je, akitoka, ataendelea na dawa gani, na wapi? Nyumba isiyokuwa na jawabu la swali hilo, mimi nisingeipa ng'ombe wangu.

Hoja ya tatu: masafa

Sasa tuje kwenye kiini. Dirisha la kwanza la methadoni nchini Kenya lilifunguliwa Disemba 2014 katika hospitali ya Mathari, kwa juhudi za serikali yetu pamoja na msaada wa Marekani na wa Umoja wa Mataifa. Malindi ikafuata mwanzoni mwa 2015, na baadaye hapa jijini likafunguliwa la Ngara. Mathari tunaijua sote. Ilianza mwanzoni mwa karne iliyopita kuwa mahali pa kuwatengea wagonjwa wa ndui, na mwaka 1910 ikafanywa nyumba ya wendawazimu, nje ya mji wa siku zile, ili wenye afya wasiwaone wasio nayo. Mji umekua ukaizunguka, lakini kwa mtu wa magharibi ya jiji ingali mbali kama alivyokusudia aliyeichagua.

Tumfuate mtu mmoja. Namfanya wa kubuni, ila kila mmoja wenu anamfahamu. Anakaa Kawangware, upande uitwao Congo, na amekwisha kukubaliwa kuanza dawa Mathari. Asubuhi apande matatu ya namba 46 mpaka mjini, ashuke, apenye katika umati wa watu na mikokoteni mpaka kwenye magari ya barabara ya Thika, apande tena, ashuke Muthaiga, atembee. Asimame foleni. Anywe dawa yake katika muda usiozidi dakika moja, afungue kinywa muuguzi ahakikishe imekwenda, kisha aianze safari ya kurudi. Kesho vivyo hivyo. Na kesho kutwa. Na Jumapili, na siku ya Idi, na siku ya Krismasi, maana mwili haujui sikukuu.

Tufanye hesabu ya kawaida, tuseme shilingi 50 kwa kila gari, siku isiyokuwa na mvua. Magari mawili kwenda na mawili kurudi ni shilingi 200. Kwa mwezi ni shilingi 6,000. Wapo humu ndani watu wengi wanaolala katika vyumba vya mabati ambavyo kodi yake haifiki hapo. Kwa hiyo dawa tunayoiita ya bure, kwa mkazi wa Kibera au wa Kawangware huweza kumgharimu zaidi ya kodi ya nyumba yake. Tena mvua ikinyesha makanga huipandisha nauli, na siku za maandamano, ambazo Kibera haihitaji kukumbushwa, gari haliji kabisa.

Lakini fedha ni nusu tu ya hasara. Kazi inayopatikana kwa mtu wetu anayetaka kuanza maisha upya ni kibarua: cha mjengo, au cha viwandani Industrial Area, anakokwenda kwa miguu kutoka Kibera kabla ya jua kuchomoza. Msimamizi wa mjengo huchagua watu wake kwenye saa moja asubuhi, hamngojei mtu aliye Muthaiga na kikombe mdomoni. Mgonjwa basi huhiyarishwa kila alfajiri baina ya dawa na ujira, nasi baadaye tukimwona ameikosa dawa twasema hana nia. Nia ya nani ingestahimili mtihani huo siku 300?

Na kukosa kwenyewe si jambo jepesi. Akikosa siku moja, arosto huanza kumbishia hodi. Akikosa siku tatu mfululizo au zaidi, hawezi kurudishiwa kipimo chake kizima bila ya kutazamwa upya, kwani kiasi alichokizoea juma lililopita chaweza kumdhuru leo. Hupunguziwa, akaanza kupanda tena, na katika kupanda huko ndiko anakokutana na mwuza kete, ambaye yeye hakai Muthaiga. Yeye yuko hapa, hatua ishirini kutoka mlangoni, usiku na mchana, tena hukopesha. Fimbo ya mbali haiui nyoka, walisema wazee, na nyoka wetu amekwisha kuingia uvunguni.

Naona mzee pale nyuma anatikisa kichwa, na nadhani najua alilonalo: dirisha likiletwa mtaani, watumiaji wa jiji zima watatujazia mtaa. Mzee wangu, wa kwetu wako hapa tayari. Wako kando ya reli, wako nyuma ya soko la Toi, na kila asubuhi wanapita mlangoni pako wakitafuta cha kuuza. Dirisha halitawaumba, litawapa mahali pa kwenda na saa ya kwenda, na muuguzi wa kuwajua kwa majina. Wa Ngara atakuwa na la Ngara.

Tusidhani tunaomba muujiza. Dar es Salaam ilianza Muhimbili Februari 2011, na haukupita muda mrefu kabla ya Mwananyamala na Temeke kufuata, hata kila moja ya wilaya tatu za jiji la wakati ule ikawa na hospitali inayotoa dawa hii. Unguja ilianza kuitoa katika hospitali ya Kidongo Chekundu mwaka 2015. Hapa kwetu Kenya, dawa imefikishwa hata ndani ya gereza la Shimo la Tewa kule Mombasa. Basi iweje aliye huru katika vijiji vya Lindi au Silanga, hapa Kibera, awe mbali nayo kuliko mfungwa?

Na Kibera yenyewe ina kumbukumbu yake. Zamani za kufa watu kila nyumba, dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilikuwa za wenye fedha, na wataalamu wa ng'ambo walikuwa wakiandika kwamba maskini wa Afrika, asiye na saa ya mkononi, hatazimeza kwa wakati. Mwaka 2003 Madaktari Wasio na Mipaka wakaanza kuzitoa hapa hapa Kibera, bure, katika zahanati ambazo mtu aliziendea kwa miguu. Watu walizimeza. Wapo waliozianza miaka ile ambao leo wana wajukuu, na mwaka 2017, wageni wale walipoondoka, kazi ilikwisha kushikwa na serikali ya kaunti. Tabia za wagonjwa hazikubadilika; kilichobadilika ni bei ya dawa na umbali wa mlango.

Hoja ya nne: kwa sasa, mtu aanzie wapi?

Mpaka mlango huo ufunguliwe karibu, wapo wanaohitaji dawa leo. Asiye na mwongozo akienda moja kwa moja na mgonjwa wake hospitalini huenda akarudishwa, akadhani amekataliwa. Desturi iliyowekwa ni kuanzia kwa mashirika yanayowatembelea watumiaji maskani, ambayo wahudumu wake aghalabu ni watu waliowahi kutumia wenyewe. Hao humsajili, humpima, huzungumza naye na jamaa zake mara kadhaa ili ajue analoliingia, kisha ndio humsindikiza kwenye dirisha la dawa. Asiyejua pa kuwapata amwulize mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake, au aingie zahanati yoyote ya serikali, au apige 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Afikapo, asifiche dawa nyingine anazotumia. Mwenye kifua kikuu hasa aseme, maana rifampisini, ambayo ni nguzo ya dawa za kifua kikuu, huidhoofisha methadoni mwilini, na mgonjwa asiyesema hurudiwa na arosto akadhani amedanganywa. Baadhi ya dawa za virusi hufanya hivyo hivyo. Tabibu aliyeambiwa hurekebisha kipimo, jambo likaisha.

Nina neno kwa wanawake, nao ndio wanaojificha zaidi. Dada mwenye mimba anayetumia unga asiuache kwa ghafla peke yake, kwani mshituko wa arosto waweza kumdhuru mtoto tumboni. Methadoni ndiyo salama kwake, na mtoto akizaliwa na dalili za kuizoea, hutibiwa hospitalini akapona. Mama mkwe asimfukuze kabla ya kumfikisha kliniki.

Hoja ya tano: nani alipe?

Nitapita hapa kwa haraka, si kwa kuwa jambo hili ni dogo, bali kwa kuwa limekwisha kujieleza lenyewe. Mapema mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma nyingi za afya zilizokuwa zikiegemea fedha hizo zilitikisika katika muda wa siku chache tu. Dawa ambayo mtu hawezi kuikosa siku tatu haifai kutegemea kalamu ya mtu aliye Washington. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu kimempa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa, na tangu 2013 zahanati na hospitali za mitaa ni amana ya kaunti. Tunajua basi mlango wa kubisha.

Ninachopendekeza ni hiki. Hospitali ya Mbagathi imepakana na Kibera. Ilijengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya maradhi ya kuambukiza, na ina uzoefu wa watu ambao wengine waliwakimbia. Kituo cha afya cha Riruta kiko jirani na Kawangware. Dirisha moja katika kila mahali, kabati la chuma lenye kufuli mbili, mfamasia, wauguzi wawili, daftari, na idhini ya kufungua saa kumi na mbili asubuhi ili mtu awahi kibarua chake. Na aliyekwisha kutulia kwa miezi, aruhusiwe kuchukua dozi za siku chache nyumbani, kama ilivyowahi kufanyika wakati wa korona.

Kwa sheria ya fedha za umma, waraka wa mwelekeo wa fedha wa kaunti hufika katika baraza la kaunti kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Miaka iliyopita tuliitwa tukaomba taa za barabarani na vyoo, navyo tulivihitaji. Dirisha la methadoni hatukulitaja, hata asiyelitia katika bajeti hakuwa na wa kumlaumu. Safari hii naomba tuende na barua mbili zilizoandikwa, ya Kibera na ya Kawangware, zenye hesabu ya nauli niliyoifanya hapa, iliyosahihishwa na wale wanaoilipa kweli, na zenye sahihi za msikiti na za kanisa katika ukurasa mmoja. Mwalimu aliyekaa karibu na dirisha amekubali kuwa katibu wa barua ya Kibera. Ya Kawangware bado haina mtu, na baada ya dua ya kufunga nitabaki hapa na kalamu na karatasi kumsubiri atakayejitolea.